Kuta za Kasongo Zinasema

Leo ninawaomba muweke vyombo vya kazi chini kidogo, munawe mikono, kisha mutembee pamoja nami Kasongo. Tutakwenda kwa miguu. Tutakula njiani. Na tutatazama picha zilizochorwa katika kuta za nyumba na maduka.

Labda unasema: "Pasta, kutazama kuta ni kazi gani ya mtu mzima?" Mimi pia nilisema hivyo. Lakini katika miji mingine watu wanaishi kwa kazi hiyo. Kule Unguja, katika Mji Mkongwe, mgeni anamlipa kiongozi, naye anampitisha kichochoro kwa kichochoro, anamwonyesha nyumba aliyokaa Tippu Tip, na magharibi anampeleka Forodhani kuonja chakula. Kasongo hakuna ofisi ya namna ile. Hata hivyo, desturi yetu ni moja: huingii katika mji wa wenyewe bila mtu wa kukushika mkono. Kiongozi wetu alikuwa kijana mchoraji wa vibao. Tulipatana naye hivi: mimi nitalipa chakula cha siku nzima, yeye atatoa miguu na maneno.

Sababu ya safari

Lazima niseme kwanza sababu iliyonipeleka, hata kama inanipa haya.

Nina mtoto wa kiume wa miaka kumi na sita. Kanisa ninalolichunga liko katika njia ya Salamabila. Siku moja ya kwanza ya juma tulikuta ukuta wa kanisa, upande wa barabara, umechorwa kwa makaa. Ilikuwa picha ya shimo la dhahabu. Vijana saba wanashuka kwa ngazi, kila mmoja na taa yake kichwani, na yule wa chini kabisa haonekani tena uso. Juu ya shimo amesimama mtu mnene, mwenye koti na tai ya siku ya ibada, mkononi ameshika mizani ndogo ya kupimia dhahabu.

Katika kanisa letu tuko na mzee mmoja ambaye ananunua dhahabu na kukopesha wachimbaji. Tai yake kila mtu anaijua. Kabla ya saa sita habari ilikuwa imefika kwake, na saa sita yeye alikuwa amefika kwangu. Sikuuliza mengi. Nilimwita mtoto wangu, nikampa maji, kitambaa na pemba nyeupe, akafuta picha yake mbele ya watu wote. Hakusema neno. Tangu siku ile hakuchora tena, na nyumbani akawa mtu wa "ndiyo, Baba" na "hapana, Baba" tu. Baada ya mwezi mmoja akaanza kusema kwamba rafiki zake wanamwita kwenye mashimo. Ndipo mama yake akaniambia usiku: "Baba, umpeleke mtoto atembee. Ukimwacha hapa, ataenda mwenyewe, na hatakwenda mbali na shimo."

Basi tulipanda moto, tukashuka kuisukuma katika matope, tukapanda tena, mpaka Kasongo.

Chai, mikate na vichwa vya watu

Asubuhi kiongozi wetu alitupeleka kwanza kwa mama mmoja anayekaanga mikate kando ya barabara. Unga ulikuwa umelala usiku kucha katika sufuria na kuumuka. Mama aliufinya kwa mkono wa kushoto, vidonge vikaanguka katika mafuta, vikageuka vyenyewe, vikawa vyekundu. Tulikula na chai ya tangawizi. Nyuma yake, juu ya ukuta wa udongo, kulikuwa na picha ya kikombe kikubwa kama ndoo, na moshi unapanda.

Kijana akatuambia: "Baba Pasta, kikombe hiki nilikichora mimi. Mama hajui kusoma, na wengi wanaopita hapa asubuhi hawajui kusoma. Ningeandika 'chai' wangepita tu. Sasa hata mtoto anajua hapa kuna nini."

Mwanangu akasimama, akagusa rangi kwa kidole. Kijana akamwonyesha namna anavyofanya: nyeupe ni pemba, nyekundu ni udongo wa mtoni, nyeusi ni makaa yaliyosagwa. Rangi ya boksi inatoka mbali na bei yake ni kali, kwa hiyo anaitunza kwa ajili ya herufi tu. Mvua ikipiga sana, picha za udongo zinaanguka, naye anarudia. "Mvua ndiyo inanipa kazi," akasema, akacheka.

Tukapita kwa kinyozi. Mlango wake ulikuwa na vichwa sita, kila kimoja na mkato wake na nambari yake. Mteja anasema nambari tu, anakaa. Nikawaza kwamba ile ni kama meza ya duka, ila bidhaa yake ni kichwa chako mwenyewe.

Hapo kijana akatueleza habari ya wakubwa wa kazi yake. Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka 1956, alianza Kinshasa kwa kuchora vibao vya maduka. Mwaka 1975 alifungua karakana yake mwenyewe, na mwaka 1989 picha zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa. Tena yuko Tshibumba Kanda Matulu wa Katanga. Katika miaka 1973 na 1974 alimchorea mtafiti mmoja, Johannes Fabian, picha zaidi ya mia moja za habari ya nchi yetu, tangu zamani mpaka siku zake. Wasomaji wenye wazazi waliofanya kazi Lubumbashi, Likasi au Kolwezi labda wanakumbuka picha zilizotundikwa sebuleni katika makambi ya wafanyakazi: mamba-muntu mwenye nywele ndefu, au ile iliyoitwa Colonie Belge, mfungwa amelazwa chini anapigwa fimbo, mzungu anatazama. Watu walizinunua kwa pesa yao ya kazi. Walikuwa na neno la kuziita: ukumbusho. Maana yake, kitu kinachokufanya ukumbuke, hata siku ambayo ungependa kusahau.

Mwanangu alisikia neno lile, akanitazama. Mimi nikatazama vichwa vya kinyozi.

Sokoni

Soko la Kasongo ni soko la wali. Katika Maniema mchele ni mali. Watu wa pwani, waliofika na misafara yao katika karne ya 19, ndio walioupanda sana hapa. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyefuatana na jeshi la Dhanis mwaka 1893, aliandika kwamba alipanda mnyama na kupita katika shamba moja tu la mpunga kwa muda wa saa moja na nusu. Aliona pia miwa, machungwa, mananasi na makomamanga. Baadaye, wakati wa Wabelgiji, mpunga na pamba vikawa kilimo cha kulazimishwa. Ndiyo maana wazee wengi hawakuhesabu mpunga kama chakula tu. Waliuhesabu kama kazi ya mtu mwingine iliyofanywa kwa mgongo wao.

Tulipita kati ya vikapu: mchele mpya wenye harufu nzuri, karanga, pilipili, mawese mekundu katika bidon, samaki wa Lualaba waliokaushwa kwa moshi na kukunjwa mkia mdomoni. Kwa mama mmoja tulikula sombe na ugali. Mama akatueleza kazi yake, nami ninawaandikia akina mama wanaofika karibu kwenye makambi wakitoka miji ambako sombe inanunuliwa imepikwa tayari: unatwanga majani mpaka yawe laini kabisa, unayachemsha kwa muda mrefu bila kuyafunika, kisha ndipo unaweka mawese, kitunguu, pilipili, na samaki wa moshi kama Mungu amekupa. Usiharakishe. Majani ya muhogo yana sumu ndani yake, na kutwanga na kuchemsha vizuri ndiyo dawa yake. "Mwenye haraka akule mkate," mama akasema.

Wali wa mzee

Saa saba mchana kijana alitupeleka katika mtaa wa Waislamu, kwa mzee mmoja ambaye alikuwa ametualika. Hapo moyo wangu ulisimama kidogo. Nitakuambia kwa nini.

Bibi yangu alizaliwa upande wa Kabambare. Maisha yake yote hakula wali katika nyumba ya mwungwana, yaani wale watu wa zamani wa Waarabu na uzao wao. Alisema: "Wali ule ulipandwa na watu wenye kamba shingoni." Alisikia hayo kwa mama yake. Mimi nimesoma shule ya Biblia, nimehubiri mara nyingi juu ya meza moja na sahani moja. Lakini nilifika umri wa miaka arobaini na kitu bila kula wali katika nyumba ile ambayo bibi aliikataa.

Ukuta wa mzee, upande wa barabara, ulikuwa umechorwa wote. Ulikuwa mto mpana, Lualaba. Kando ya mto kuna soko: wanawake na kuku, na vyungu, na samaki. Wengine wamekwisha kuingia majini na mizigo vichwani, na mitumbwi inapinduka. Upande wa kushoto kuna watu watatu wenye bunduki. Chini kumeandikwa kwa rangi ya boksi: NYANGWE, 15 JULAI 1871.

Wengi wenu munajua Nyangwe kama jina tu. Siku ile watu wa msafara mmoja wa biashara walifyatua bunduki katikati ya soko lililojaa watu. Walioshikwa na risasi walianguka, na wengine wengi, zaidi wanawake, walizama mtoni. Livingstone alikuwa pale, aliona kwa macho yake, na hesabu aliyoiandika inapita watu mia tatu. Alipofika Ujiji na kukutana na Stanley mwaka ule ule, alikuwa bado anabeba habari hiyo, na ilipochapishwa Uingereza iliwachoma watu moyo, ikasaidia kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Nikamwuliza mzee kwa sauti ndogo: "Mzee, wewe mwenyewe ulikubali picha hii ichorwe hapa?"

Akajibu: "Mchungaji, nilimlipa kijana huyu. Ukuta ni wangu, na habari ni yangu."

Akanishika mkono, akanisogeza karibu na wale watu watatu wa bunduki. "Tazama uso wa huyu wa katikati." Nikatazama. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na sita hivi, mwenye uso kama wetu, uso wa Maniema kabisa. "Nilimwambia amchore hivyo," mzee akasema. "Babu wa baba yangu hakuwa Mwarabu. Alitoka kijijini kwenu, huko huko. Walimchukua mdogo, wakamvalisha kanzu, wakampa bunduki na jina jipya, wakamwambia: sasa wewe ni mwungwana. Alikwenda kuchukua wengine. Nimlilie au nimlaani? Mimi ninafanya yote mawili, kisha ninakula."

Na ni kweli, wasomaji. Walioitwa Waarabu katika nchi hii kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa hapa hapa. Na wale waliokuja kuwafukuza? Dhanis aliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili, lakini waliompigania wengi walikuwa watu wa Ngongo Lutete, ambaye kwanza alikuwa mtu wa Tippu Tip. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule maofisa wa Leopold walimpiga risasi Ngongo Lutete mwenyewe. Kisha ikaja kodi ya mpira. Kijana wa Maniema aliendelea kushika bunduki ya mtu mwingine, au kikapu cha mtu mwingine. Leo anashika chepeo cha mtu mwingine.

Sikuweza kumaliza wazo hilo, maana ndivyo mwanangu alivyokuwa amechora: vijana saba na taa, na juu yao mtu wa mizani.

Wali ulikuja katika sahani moja kubwa, wa maharagwe, na kuku mwenye mchuzi wa karanga. Mzee akasema Bismillahi, mimi nikainamisha kichwa na kuomba kwa namna yangu. Tukala kwa mkono. Sikufa. Ulikuwa wali mtamu kupita wote niliokula mwaka huu, na nilipomeza tonge la kwanza nilisema moyoni: Bibi, unisamehe, na Bibi, nimekukumbuka. Maneno yote mawili yalikuwa kweli pamoja.

Kiongozi wetu naye alikula polepole. Alipomaliza akatuambia habari yake. Alikuwa mchimbaji Salamabila miaka mitatu. Yaya yake alibaki chini siku ambayo shimo liliporomoka. Yeye alitoka, akarudi Kasongo na deni, na kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kuchora uso wa yaya yake katika ukuta wa nyumba ya mama yao, ili mama asiusahau. Majirani wakauona, wakaanza kumwita. "Deni sijamaliza," akasema, "lakini ninalilipa juu ya ardhi."

Njia ya kurudi

Jioni nilimwuliza kama tunaweza kufika Tongoni, pahali pa Kasongo ya zamani. Jina lenyewe linasema: tongo ni pahali palipohamwa. Watafiti wa mambo ya kale wamechimba huko ili waone alama za mji wa Waarabu. Lakini mvua ilishuka, tukarudi kulala.

Kesho yake tulishika njia ya Kabambare. Hapo mwanangu alinisikiliza kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi, maana nilimpa hadithi ya kalamu. Livingstone alikaa Kabambare, yeye aliandika Bambarre, tangu Julai 1870 mpaka Februari 1871. Miguu yake ilikuwa na vidonda, hakuweza kutembea. Aliandika kwamba katika nchi hii ya Manyema alisoma Biblia nzima mara nne. Tena karatasi zilimwishia. Akachukua magazeti ya zamani, akaandika juu ya herufi zilizochapwa, na wino ukiisha akatumia maji ya matunda ya porini. Habari ya Nyangwe aliiandika kwa namna hiyo. Miaka ikapita, wino ule ukafifia, hakuna mtu aliyeweza kuisoma vizuri. Baadaye wataalamu waliipiga picha kwa mianga ya namna nyingi, na maneno yakaonekana tena.

Nikasema: "Unaona, mwanangu? Mtu hana karatasi, anaandika juu ya kitu anachokipata."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Ndiyo, Baba. Na mimi sikuwa na karatasi."

Tulitembea hatua nyingi. Moto ilikuwa mbele, mwenyewe anaisukuma. Nikamwambia: "Nilikosa. Nilipaswa kukuuliza kwanza." Akajibu bila hasira: "Baba, umekwisha kuifuta."

Msomaji mpendwa, sina jibu zuri la neno hilo. Nilifika nyumbani, nikaenda kwa yule mzee wa kanisa, nikamweleza habari ya ukuta wa Kasongo na uso wa yule mtoto mwenye bunduki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukubali, hakukataa. Aliniuliza tu: "Na safari hii atachora tena tai yangu?" Nikamwambia: "Mzee, hilo umwulize mwenyewe." Mpaka leo hajamwuliza, lakini siku mbili nimemwona amesimama barabarani anatazama ule ukuta mweupe.

Wewe unaweza kufanya matembezi kama haya pahali ulipo, bila safari ya moto. Chagua siku moja, umchukue mtoto wako, si kwa kumtuma bali kwa kumfuata. Mwache yeye akuonyeshe picha anazozijua: za kinyozi, za duka, za mlango wa zahanati. Uliza jina la aliyezichora. Kula kwa mama wa barabarani, mwulize chakula chake kinapikwa namna gani. Na kama kuna nyumba ambayo bibi yako alikataza usile, nenda, ukaribishwe, ule. Huko huko kula kutakukumbusha.

Kwangu mimi, nimeweka boksi la makaa na kopo la pemba karibu na mlango wa nyumba, bila kusema kitu. Mwanangu anakwenda shuleni, bado anasema habari ya mashimo, lakini si kila siku. Juzi niliona makaa yamepungua. Mama yake anasema ni yeye aliyeyachukua kwa kupikia. Sikutoka nje kutazama ukuta. Nitautazama siku ya ibada, pamoja na watu wote.